Pumzi za Baba Yako

Nasra mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Kunduchi kumuaga bibi yako, na ninavyomjua Bi Mwanahawa hatakuachia mpaka ule, ushibe, na ufungiwe vingine uje navyo. Kwa hiyo nina muda. Nimefunga mlango, simu nimeizima. Mambo ya sweta, ya pasipoti, ya dawa za kichefuchefu na ya kunipigia ukishatua sitayaandika hapa. Nimeyasema wiki nzima mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Nataka niandike yale ambayo kila nikifungua mdomo kuyasema, najikuta nasema ya sweta.

Kesho unaondoka kwenda kujifunza kupiga picha chini kabisa ya bahari. Baba yako alikufa akiifukuzia kazi hiyohiyo. Habari yake hujawahi kuisikia kwa mpangilio, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu mie sikuwahi kukusimulia. Ulikuwa darasa la pili. Tulikwambia baba amepata ajali kazini, ukakubali, na mie nikashukuru umekubali. Sasa umekuwa mtu mzima na unaondoka, na sitaki uende ukasimuliwe baba yako na watu wa melini waliowahi kulisikia jina lake.

Nilikuwa mhariri wa video kwenye studio moja pale Kinondoni, chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Kazi yetu ilikuwa harusi. Sendofu, kicheni pati, ndoa, na Jumatatu unaanza upya. Nilikuwa nikilala naona watu wanalishana keki. Siku moja akaingia kijana mrefu, ana alama ya miwani ya kuzamia usoni kama ameivua mlangoni, kabeba kaseti kwenye mfuko wa mchele. Hoteli moja ya pwani ilimpa kazi ya kupiga picha matumbawe na samaki, wawaonyeshe wageni wao. Nikaweka kaseti kwenye mashine, nikavaa spika za masikioni, nikasikiliza.

"Kaka, kaseti yako mbovu," nikamwambia. "Ina sauti kama ya mtu anakoroma."

Akacheka. "Sio mbovu, sista. Ndiyo mie huyo. Napumua."

"Basi tutaitoa, tuweke muziki. Hakuna mgeni atakayekaa aangalie samaki huku anamsikia mtu anakoroma."

"Itoe," akasema. "Mie najisikia kila siku, nishajichoka."

Nikaitoa, nikaweka kinanda laini. Hoteli wakapenda, wakampa kazi nyingine, akarudi kwangu. Akawa anarudi hata asipokuwa na kazi. Alinifundisha kwamba ukishuka majini rangi zinakufa moja moja, na nyekundu ndiyo inayotangulia. Aliniambia aliwahi kujikata kidole kule chini na damu ikatoka ya kijani. Nikamwambia, nenda kawadanganye wageni wako. Wiki iliyofuata akaja na kaseti, na kweli, kidole chake hicho kinavuja moshi wa kijani. Nikarekebisha rangi kwenye mashine polepole, damu ikageuka ikawa nyekundu mbele ya macho yangu. Nikageuka kumtazama, naye alikuwa ananitazama mie, siyo skrini. Nadhani siku ile ndiyo nilimkubali, ingawa posa ilikuja baadaye sana.

Kumbe nilichokuwa nakifanya kila alipoleta kaseti, tangu tulipokuwa wachumba mpaka tulipokuwa mke na mume, ni kukata pumzi zake na kuweka vinanda. Na kaseti zake tulizokwisha kuzifanyia kazi tulizitumia tena. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya wote, kaseti moja inarekodiwa juu ya nyingine. Liweke hili kichwani, nitalirudia.

Baba yako hakuwa mtu wa vitabu, lakini habari za kupiga picha baharini alizijua kama wengine wanavyojua mpira. Alizikusanya kwa wazamiaji wa kigeni aliofanya nao kazi, kisha akatusimulia sie wawili pale barazani Kunduchi. Alisimulia juu ya jamaa aliyening'iniza bomba refu chini ya mashua, mwishoni kaweka chumba cha chuma chenye dirisha la kioo, akakaa humo na kamera yake kama mtu aliyekaa kwenye kisima. Alisimulia juu ya wawili walioshuka mpaka shimo refu kuliko yote duniani. Walipogusa chini wakatimua tope likawa kama maziwa, wasiweze kupiga hata picha moja. Safari yote ile, wakarudi na maneno tu. Na alisimulia juu ya wale waliokokota kamera juu ya mawe kule chini, maelfu ya picha za mawe matupu meusi, wakawa wanazisafisha moja moja kwa kukata tamaa, mara kwenye picha chache wakaona chaza weupe wamejazana, wakubwa kama sahani. Kwenye giza, kwenye maji ya moto yanayotoka ardhini, mahali ambapo wote walikuwa wanajua hakuna uhai.

Lakini uliyoipenda wewe ilikuwa ya mpira wa chuma. Watu wawili walijifungia ndani ya mpira wa chuma wenye vidirisha vidogo, wakashushwa kwa waya. Kamera za wakati ule hazikuweza kuona gizani kule, kwa hiyo aliyekuwa ndani alisema kwenye simu anachokiona, na juu melini palikuwa na mwanamke ameshika simu, anasikiliza, anaandika. Samaki wenye taa. Samaki wenye meno ya kung'aa. Baadaye mchoraji akachora kutokana na maneno yale, na watu wengi hawakuamini.

Unakumbuka tangi? Tulikuwa tumenunua tangi jeusi la maji, halijafungwa bado, limelazwa uani. Baba yako akakuingiza humo na tochi yako, akafunika mdomo wa tangi kwa khanga yangu, mie akanipa kalamu na karatasi, yeye akashika ndoo kama ndiyo mashine ya kushushia waya.

"Unaona nini huko?" akauliza.

"Giza!"

"Giza la namna gani? Mama anaandika hapa."

Ukazungusha tochi. Kisha ukasema, "Namuona samaki ana taa kichwani. Anamtafuta mtoto wake."

"Mkubwa?"

"Mkubwa kama bibi."

Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Mie niliandika kweli, lakini karatasi ile imeshapotea, na haidhuru. Nilichobaki nacho ni sauti yako inavyotoka ndani ya tangi, nene, kama ya mtu mkubwa.

Halafu ikaja Tanga. Wavuvi wa kule walikuwa wanavuta jarife, nyavu zao kubwa za papa, na kumkuta ndani yake samaki wasiyemjua, mzito, mgumu, mwenye mapezi kama vikono. Ni silikanti, yule ambaye wataalamu walidhani ametoweka zamani za zamani, kabla ya mtu kuumbwa. Kikaja kikosi cha wapiga picha kutoka nje kutaka kumpiga akiwa hai kwenye mapango yake, wakamchukua baba yako kama mwenyeji anayejua maji. Walikuwa na roboti ndogo ya kamera inayoshushwa kwa waya. Mwendeshaji anakaa juu kwenye kiti, anatazama skrini.

Alirudi nyumbani kama mtu aliyetoka kuhiji. Hakula. Akaunganisha kamera kwenye televisheni, akanikalisha.

Mwanzoni ni giza na vumbi jeupe linadondoka, linadondoka bila kwisha. Akaniambia vumbi lile ni mabaki ya kila kinachokufa juu, yanashuka mchana na usiku, na viumbe wa chini wanaishi kwa hayo. Kisha ukaja ukuta wa mawe. Kisha pango. Na ndani ya pango, Nasra, kulikuwa na samaki mkubwa karibu sawa na mtu, rangi ya buluu iliyokolea, ana mabaka meupe kama aliyerushiwa chokaa. Anayachezesha mapezi yake kwa zamu, la kulia, la kushoto, kama anatembea hewani. Jicho lake lilirudisha taa ya kamera. Akainamisha kichwa chini, mkia juu, akasimama hivyo kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta hereni iliyoanguka.

Kisha nikasema, "Mbona hakuna sauti?"

"Hakuna mtu," baba yako akajibu. "Kamera imeshuka peke yake."

"Si ndiyo vizuri? Leo sina kazi ya kukata."

Hakucheka. Akasema, "Rukia, yule kiumbe kanitazama, na mie nimekaa juu ya kiti nakunywa soda. Nimeona aibu. Mtu akikutazama hivyo, unakwenda kumsalimia."

Nikajua palepale kwamba atakwenda. Akajifunza kwa wale wageni namna ya kuzamia na mitungi ya hewa ya kuchanganya, ambayo inakufikisha chini kuliko ile ya kawaida. Akawa anakwenda Tanga na rafiki yake Beka, waliyekua naye Kunduchi tangu wakivua kaa. Alirudi mara ya kwanza salama, na ya pili, na zilizofuata. Kila mara alishuka zaidi kidogo, na kila mara silikanti hakuwepo.

Sasa nikwambie nilivyofanya. Nilikuwa naogopa. Naamka alfajiri usingizi umekata. Lakini sikumwambia naogopa. Nilimwambia paa la jikoni linavuja. Nilimwambia kibaraza kinataka saruji. Akija na mitungi yake mie naanza habari za paa, naye anapanda juu kuziba, anashuka, anaoga, anaondoka. Alidhani nakasirikia nyumba. Yule mtu hakuwa mbishi, mwanangu. Kama ningemwambia, "Twalibu, naogopa, kaa," sijui angefanya nini. Labda angekaa. Labda angenibusu kipajini akaenda vilevile. Kutojua huko ndiko nilikobaki nako. Ndiyo maana sasa naona afadhali kumwambia mtu neno lenyewe, hata kama halitabadilisha kitu. Paa lenyewe alikwisha kuliziba likawa zima, wala halikuvuja tena.

Siku yenyewe walitoka asubuhi, bahari imetulia. Haya alinisimulia Beka, kwenye mkeka wa msiba, glasi ya maji mkononi hajainywa. Ukiwa chini sana hewa inaingia kwenye damu, inabidi upande polepole, usimame njiani mara nyingi, damu iiachie. Beka alibaki majini, juu yake kidogo, akimsubiri na mitungi ya akiba. Baba yako akafika kwenye pango. Halafu kuna kitu kiliharibika kwenye vali ya mtungi wake, hewa ikawa inamwishia, akapanda bila kusimama. Akampita Beka. Beka anasema alinyoosha mkono akamgusa mguu.

Walimtoa majini akiwa hai. Alizungumza. Akauliza kamera iko wapi. Beka akamwambia ipo, akamshika kichwa, mashua ikakimbia. Hawakufika.

Nilikaa na hasira ya swali lile kwa miaka. Mtu anakufa, ana mke, ana mtoto wa darasa la pili, anauliza kamera. Siku hizi nalisikia tofauti. Nadhani alitaka kujua kama kuna cha kutuletea.

Hakikuwepo. Maji yalikuwa yameingia kwenye kasha la kamera. Wale wageni waliichukua wakajaribu kila namna, wakairudisha. Alimuona? Hakumuona? Hakuna anayejua. Beka hakumuuliza kwa sababu alidhani wakati upo.

Tukamzika Kunduchi baada ya Alasiri, nikaingia eda. Unakumbuka nilivyokuwa sitoki chumbani na televisheni inawaka mchana kutwa? Ulikuwa unakuja unasimama mlangoni, unaondoka. Nilikuwa namtafuta. Niliagiza niletewe filamu zake zote kutoka studio, moja baada ya nyingine, namtafuta aliko, na kote hayupo, maana mpiga picha haonekani kwenye picha yake. Alikuwepo kwenye sauti tu. Na sauti nilishaikata. Matumbawe, kinanda. Kasa, kinanda. Pomboo, kinanda. Nikazichambua kaseti mbichi, zile zilizotoka kwenye kamera. Juu yake kuna maharusi. Mahali alipokuwa anapumua mume wangu, kuna watu nisiowajua wanalishana keki.

Nilikuwa nimefanya kazi yangu vizuri mno, hilo ndilo lililoniuma. Sikuacha hata sekunde moja kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo, mwanangu, huko uendako utakutana na watu wanaopenda kusafisha. Watakwambia futa hiki, hakina maana, futa kile, hatutakihitaji. Pengine watakuwa sawa. Lakini wewe usiwe na haraka.

Eda ilipokwisha nikauza nyumba ya Kunduchi tukaja huku Madale. Watu walidhani nimefuata hewa ya vilimani. Nilifuata umbali. Nilitaka mahali ambapo bahari haisikiki wala hainusiki. Tulipohamia, asubuhi ya kwanza baada ya mvua nikafungua dirisha, nikaiona kule mbali, mstari mwembamba wa fedha juu ya mapaa ya Tegeta. Nikaenda kununua miche ya mwarobaini siku ileile. Uliniuliza kwa nini nimeipanda imebanana vile, nikasema ya dawa.

Sikukupeleka ufukweni, Idi ngapi. Wenzako wanakwenda wanarudi na mchanga miguuni, wewe nakununulia ubuyu. Sikukuruhusu kujifunza kuogelea. Nilidhani mtu akifichwa kitu atakisahau. Mpaka siku ile nimeingia chumbani kwako, uko kidato cha pili, umejifunika shuka gubigubi mchana wa jua kali, na mwanga unatoka ndani. Nikajua ni mvulana. Nikavuta shuka. Simu yako yenye kioo kilichopasuka ilikuwa inaonyesha giza, na vumbi jeupe linadondoka.

"Unaangalia nini?"

"Chini," ukasema.

Ulikuwa umegundua kwamba siku hizi meli za utafiti zinarusha picha za sakafu ya bahari moja kwa moja, na mtu yeyote mwenye kifurushi cha intaneti anaweza kukaa Madale akatazama. Ulikuwa unatazama kwa miezi. Nilikufunika tena lile shuka nikatoka. Sikusema neno, na naomba unisamehe kwa hilo, maana ulikuwa unalia na mie niliona.

Ukamaliza shule, ukasoma umeme na mitambo, na mie nikajidanganya kwamba utatengeneza majokofu ya watu. Ukaja jikoni na ile habari, kwamba umechaguliwa kujifunza urubani wa roboti za chini ya bahari. Nilikuwa nakuna nazi. Yaliyofuata tunayajua wote wawili, lakini acha niyaandike, nione yanavyofanana yakikaa kwenye karatasi.

"Mama, mie sizami," ulisema. "Nakaa kwenye kiti, kwenye chumba chenye kiyoyozi. Inayozama ni mashine."

"Baba yako naye alianzia kwenye kiti."

"Mie sio baba."

"Una macho yake na una kichwa chake kigumu. Kilichobaki ni nini?"

"Nimebaki mimi! Mama, nimebaki mimi, hunioni?"

Ulitupa kitambaa ukaenda kwa bibi yako, ukakaa huko mpaka mwezi ukaisha. Nazi ile niliimwaga.

Na kweli nilikuwa sikuoni. Hilo nimelijua juzijuzi tu, ulipokwenda ile safari ya majaribio. Ulinitumia ujumbe wenye kiungo na saa, hukuandika kingine. Nilikwenda Tegeta, kwenye studio yangu niliyoifungua tulipohamia huku, nikawaambia vijana wanaofanya kazi ya harusi watoke wakanywe chai, nikafungua skrini kubwa.

Giza. Vumbi jeupe. Nilitaka kuzima. Kwenye kona kulikuwa na namba zinaonyesha kina, zinapanda tu, mpaka zikapita mbali sana mahali alipofika baba yako. Nilipoona zimempita niliushika mkono wa kiti. Namba zikaendelea, taratibu, bila mtu yeyote kuishiwa hewa.

Nilisikia sauti za wazungu, kisha nikasikia yako. Kiingereza chako sikijui vizuri lakini sauti niliijua. Ulikuwa umetulia. Tope la chini likaonekana, la kijivu, laini kama unga uliochungwa. Kukatokea majongoo bahari wanaopitisha mwanga, unaona mpaka matumbo yao. Kukatokea ua la kioo ambalo mliambizana siyo ua, ni mnyama. Halafu akaja yule pweza mdogo, wa rangi ya waridi, ana mapezi mawili kichwani kama masikio, anapepea kuelekea kwenye taa. Na wewe ukasahau uko wapi. Ukasema kwa Kiswahili, "Jamani, ana masikio! Mtazameni, ana masikio!"

Ukacheka.

Nasra, nilikuwa sijakusikia ukicheka hivyo tangu tulipoondoka Kunduchi. Sikuwa nimegundua. Umekaa kwangu miaka yote hii, unacheka kwa adabu, unacheka kama mgeni, na mie mama yako nikadhani ndivyo ulivyoumbwa. Kumbe cheko lako lilikuwa huko nilikokukataza kwenda. Wenzako walicheka nawe, wakakuuliza maana yake, ukawatafsiria. Vijana wangu waliporudi na chapati walinikuta nimelaza kichwa kwenye meza, wakadhani nimepokea habari ya msiba.

Sijapona woga. Nisikudanganye. Nitakuwa naamka alfajiri vilevile. Wala siwezi kukuahidi kwamba bahari ni salama, au kwamba siku moja hutataka kuinuka kwenye kiti uende kusalimia. Ukitaka, niambie kwanza. Nami nitakwambia naogopa, kwa maneno hayohayo, na paa tutaliacha lilipo. Utakaloamua baada ya hapo litakuwa lako.

Na ukimuona yule samaki, popote atakapokuwa, mtazame vizuri. Usimtazame kwa niaba ya baba yako. Alipofika pale alikuwa na macho yake. Wewe mtazame kwa ya kwako.

Jana niliposema nakwenda kliniki ya presha, sikwenda. Nilishuka mpaka Kunduchi, nikapita makaburini nikamsomea, kisha nikaendelea kuteremka mpaka ufukweni. Sikuwahi kufika pale tangu tulipomzika. Maji yalikuwa yametoka mbali, kina mama wameinama kwenye mawe wanatafuta pweza na kombe. Nikavua viatu, nikatembea, nikaingia na baibui langu, mpaka maji yakanifika magotini. Yalikuwa ya vuguvugu. Nilikuwa nimesahau kwamba ni ya vuguvugu.

Nikasimama pale, nikamwambia Twalibu kwamba mtoto anaondoka. Nikamwambia umekuwa mrefu. Nilimwambia mengi, mengine hayakuhusu.

Mama mmoja mwenye ndoo na kijiti akanisogelea. Nadhani nilimtia wasiwasi, mtu mzima kasimama majini na nguo zake anasema peke yake.

"Shikamoo dada. Umepoteza kitu hapo? Nikusaidie kutafuta?"

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Nimepoteza, ila leo sikuja kutafuta. Nina binti anasafiri. Nimekuja kumuombea njia."

Akaweka ndoo yake juu ya jiwe. Hakuniuliza unaitwa nani wala unakwenda wapi. Akanyanyua mikono yake iliyolowa, nami nikanyanyua yangu, tukakuombea pale, wanawake wawili tusiojuana, mpaka maji yakaanza kurudi na yeye akaniambia, "Dada, tutoke sasa."

Nenda, Nasra. Radhi zangu unazo zote, sikubakisha.

Mama yako,
Rukia